Wa Tumbo Moja

Winnipeg, ghorofa ya chini kabisa, Januari.
Huko juu mto umeganda, watu wanautembelea kwa viatu vya chuma;
huku chini mabomba ya maji moto yanakoroma ukutani
nami nimefika saa kumi na mbili na robo
kabla wenye zamu hawajaanza kugombana.

Maabara kumi na moja, kisu kimoja.
Hadubini ya leza moja, nayo ina jicho bovu
ambalo Oksana peke yake anajua kulibembeleza.
Daftari la zamu limefungwa mezani kwa kamba
maana liliwahi kuibwa.
Saa mbili, watu wa vidonda.
Saa nne, watu wa bakteria.
Saa sita, vijana wa chuo cha kilimo
na utumbo wa vitoto vya nguruwe;
wananuka zizi, huomba radhi tangu mlangoni.
Kwenye ukurasa wa hadubini Daktari Robidoux
amejiandikia asubuhi nzima kwa wino mwekundu.
Hatakuja. Haji kamwe.
Ankara tunamtumia.

Kazi yangu ni kukata.
Kipande cha utumbo, kidogo kuliko punje ya mchele,
kimelala ndani ya nta.
Nazungusha gurudumu, wembe unapita,
utepe unatoka, unene wake mikroni nne;
unywele wa binti yangu ungeuzidi mara kumi na tano.
Nauteremsha juu ya maji vuguvugu
nao unajinyoosha polepole
kama shuka linalotandikwa na mtu asiye na haraka.
Hapo nazuia pumzi.
Chafya moja tu, na mgonjwa mzima karuka.

Majina sina. Nina namba.
Lakini mkono hujifunza:
huyu ukuta wake umekauka kama soli,
yule ana mafuta, wembe unateleza,
huyu wa tatu amekatwa mara nyingi mno, kabakia makovu.
Wametoka Brandon, wametoka Selkirk,
wengine wameendeshwa saa saba kwenye theluji
wakihesabu vituo vya petroli vyenye choo.
Hawajawahi kuonana.
Kwenye droo zangu wanalala bega kwa bega,
ndugu wa tumbo moja,
tumbo lisilo na mama.

Wasemao kikulacho ki nguoni mwako
hawajashuka ngazi hizi.
Hapa kinachokula ni nguo yenyewe.

Jumanne orodha ilikuwa na 2209.
Hiyo naijua.
Novemba nilitia sahihi karatasi tatu,
nikalazwa ubavu, nikaambiwa, Marivic, pumua,
baadaye nikapewa biskuti na maji ya tufaha.
Kanuni ingetaka nimwachie mwingine kisu.
Mwingine hakuwapo.
Nikajiweka kwenye kibanio, nikakaza skrubu,
nikajikata.
Sikusikia chochote. Sijui nilitarajia nini.
Utepe ulikuwa mzuri, haukuchanika.

Alhamisi rangi zimeshakolea.
Robidoux hajaja, tumekalia saa zake.
Oksana anazima taa, analibembeleza lile jicho,
na kwenye kioo cha kompyuta mji unawaka:
kijani ya askari waliovamia mitaa yao wenyewe,
nyekundu ya mishipa,
na pembeni, pasipotarajiwa, tezi tano sita
zilizopangana vizuri, zinafanya kazi yake ya kila siku
kana kwamba hakuna vita mtaa wa pili.
Oksana akapiga mluzi.
“Tazama huyu anavyoshikilia,” akasema. “Nani huyu?”
Nikamwambia ni namba tu.
Akaipiga picha mara tatu. Sikumzuia.

Nilikuwa nafuta nta kwenye wembe
waliponigongea vijana wa kilimo, wamewahi robo saa,
ndoo mkononi, macho chini:
tunanuka, mama, samahani.
Ingieni, nikawaambia.
Humu sote ni matumbo.