Mambo Mengine Yote Yakibaki Kama Yalivyo

Sentensi hiyo niliiandika mwenyewe,
ukurasa wa nne, chini ya mchoro:
bei ikipanda, karafuu zitakazochumwa zitaongezeka,
mambo mengine yote yakibaki kama yalivyo.
Mstari wangu ulipanda kuelekea kulia, umenyooka,
kama mtu asiyewahi kuteleza mkarafuuni.

Nikachukua meli ya usiku hadi Mkoani
na bahasha ya wizara, na viatu visivyofaa.
Mtambwe, mvua ilikuwa imenitangulia.

Bi Mize Faki alikuwa barazani anachambua makonyo,
vidole vyeusi hadi kwenye kucha,
majamvi yamekunjwa mbiombio, karafuu zimelowa.
Nikamsomea. Alinisikiliza kwa adabu,
kama anavyosikilizwa mtoto aliyehitimu juzuu ya kwanza.

"Mwaka ule bei ilipopanda," akasema,
"nilikuwa nataka ada ya Nassor na bati nane.
Tukachuma, nikapata. Nikawashusha.
Za kileleni tukawaachia kunguru.
Bei mbovu ndiyo hutupandisha kule juu kabisa,
kule alikovunjikia nyonga Sharifu."

Nikatafuta penseli. Mstari ukajikunja kinyumenyume,
kama mkono wa mtu anayejikuna mgongo.
Hilo nalo limo vitabuni. Niliulizwa kwenye mtihani,
nikapata alama zote.
Sikujua kama lina bati nane.

Mvua ikapungua. Wachumaji wakaleta mapakacha.
Mjukuu akapima mbichi kwa pishi,
akapitisha kigasha juu yake: mfuto, mfuto, mfuto.
Ya mwisho, ya kijana mmoja mwenye kikohozi,
haikufika hata nusu.
Bi Mize akaitazama, akasema, "Imejaa. Andika."
Mjukuu akaandika.
Mimi nilikuwa na jedwali lenye safu kumi na moja;
sikuona pa kuiweka.

Halafu akaniuliza, wala hakukejeli:
"Hayo mambo mengine, baba,
hayo yanayobaki kama yalivyo,
nani anayeyashika?"

Wiki ya pili, mjini, chumba cha mkutano,
baridi ya mashine inapuliza makaratasi.
Mkurugenzi alisoma mpaka kwenye kunguru, akacheka,
kisha hakucheka tena.
"Waziri anataka ukurasa mmoja," akasema. "Namba moja."
Wala hakukosea. Vituo vya ununuzi vinafunguliwa Jumatatu,
mizani zimeshapimwa, magunia yameshafika,
na huwezi kubandika mlangoni karatasi
iliyoandikwa: bei ya leo, inategemea.

Nikaandika namba.
Nikamwondoa Sharifu, nikaondoa bati,
nikaifuta na ile sentensi,
kisha nikairudisha, kwa herufi ndogo, chini kabisa,
maana bila hiyo namba haisimami,
na maana swali la Mtambwe lilitaka jina la mtu,
nami nilipekua orodha yote ya wafanyakazi wa wizara,
idara kwa idara,
sikulipata.