Huenda

Daftari la Swabra lina jalada la samawati
na doa la mafuta ambalo ni langu.
Kushoto anaandika alichokula, kulia anahesabu uso.
Jumatatu: mahamri matatu, mbaazi, chai ya maziwa. Tisa.
Jumanne: kaimati, bakuli zima! Tisa, moja ina usaha.
Jumatano: viazi karai vya Mama. Kumi na mbili.

Vya Mama.
Kana kwamba nimeitwa mahakamani.

Miaka kumi na sita na karai pembe hii ya Kibokoni,
unga wa dengu mpaka kwenye kope.
Kwa viazi hivyo nimelipa karo, nimelipa kodi,
nimemzika baba yake kwa sanda isiyo ya kukopa.
Leo anapita na mkoba, salamu ya haraka,
mtandio umeshuka hadi nyusi,
hagusi hata kipande kilichovunjika,
kile ambacho tangu aote meno kilikuwa chake.

Tulikwenda kwa Daktari Kadzo, ghorofa ya pili, Barabara ya Digo.
Nilikuwa nimejiandaa kwa hukumu.
Yeye akasema: huenda.
Huenda sukari ikiingia damuni kwa kishindo
insulini hupanda, nayo huamsha homoni nyingine,
na vijitezi vya ngozi vikakamua mafuta kupita kiasi.
Huenda na maziwa, kwa baadhi ya watu.
Na mafuta ya karai? nikauliza, sauti imenikauka.
Hapo ushahidi hautoshi, mama.
Si wote. Si kila mara. Usimshindishe mtoto na njaa.
Akaandika dawa ya kupaka. Shilingi elfu mbili.

Elfu mbili za huenda!
Mtaani kwetu hakika hutolewa bure.
Bi Khuleta: damu chafu, mnyweshe mwarobaini.
Shangazi yake: hamu ya mume hiyo, mwozeni.
Na mteja mmoja, kidevu chote ukwaju wangu:
ni haya mafuta, Mama Swabra,
nifungie vingine vya hamsini.

Marehemu nyanya yangu hilo neno lilimtia hofu nyingine.
Kwake chunusi alikaa majini, upande wa Mtongwe,
akiwavuta miguu watoto waogao bila ruhusa.
Humwoni, alisema, unamjua kwa aliyezama.
Huyu wa pili naye ndivyo alivyo:
yuko chini ya ngozi, hatumwoni,
tunamjua kwa msichana anayetoweka taratibu kwenye kioo.

Jana usiku nimeamka shuka limelowa.
Joto limenipanda tangu kifuani,
na karai nilikuwa nimeizima saa mbili.
Mwezi wa nne huu sijaziona siku zangu.
Nikawasha taa ya simu, nikajitazama:
kidevuni, moja, nyekundu, ngumu kama punje ya mtama.
Na miaka yangu arobaini na tisa!
Nilicheka nikaziba mdomo.
Homoni, jina geni, kumbe ni mpangaji wetu wa zamani:
kwangu anafunga mizigo akibamiza milango,
kwa mwanangu ndiyo kwanza anaingiza vitanda.

Nikalifungua daftari, wizi mtupu.
Nikapitisha kidole upande wa kulia
nikaona jambo ambalo hakuliandika:
hesabu hupanda wiki ile ile kila mwezi,
pawe na kaimati pasiwe na kaimati,
kabla tu ya zile tarehe alizozitilia nukta ndogo pembeni.
Huenda.

Ijumaa: samaki, mchicha, maji. Kumi na moja.
Jumamosi: samaki, mchicha, maji. Kumi na moja. Nina njaa.

Jumapili ilikuwa bado tupu.
Nikachukua kalamu, na mwandiko wangu wa madrasa:
Mama. Chai ya rangi, kiazi kimoja. Chunusi moja, kidevu.

Asubuhi nilisikia kurasa, kisha kimya,
kisha kicheko kilichokwama puani.
Akatoka kichwa wazi, uso wote nje,
akanishika kidevu kama anayechagua embe sokoni.
Iko wapi? Geuka kwenye mwanga. Iko wapi?