Kidole cha Shahada

Mwinjuma, muuza ala wa Mtaa wa Swahili,
ameyalaza magita mawili juu ya kioo cha kaunta,
akarudi kwenye chapati na maharage yake.
"Jaribu, dada. Kidole ndicho kinachonunua."

La kwanza, nyuzi za nailoni,
laini, shingo pana kupita kiganja changu.
Nikaligusa. Ikatoka sauti ya mtu
anayeongea kajifunika shuka.

La pili, chuma.
Mguso mmoja tu, duka zima likageuka,
hata kijana wa spika pale nje akapunguza redio.
Ndilo lile nililolisikia utotoni, Magomeni,
Jumamosi usiku, likipenya ukuta wa jirani
mpaka vikombe kabatini vinaitikia.
Nililitaka. Sifichi.

Nikabana nyuzi tatu, nikahesabu hadi ishirini.
Kidole cha shahada kikabaki na mfereji mwekundu.
"Mwezi wa kwanza utalia," Mwinjuma akasema, akitafuna,
"wa pili kitaota sugu, wa tatu husikii kitu."

Husikii kitu.

Mimi natoa damu, Amana, zamu ya usiku.
Mkono wa kulia unashika sindano;
wa kushoto ndio unaotafuta.
Mtoto akija amekauka kwa kuharisha,
mishipa imejificha kama wadaiwa mwisho wa mwezi,
nafumba macho, kidole kinasikiliza:
hapa hapana,
hapa hapana,
hapa
panadunda, kwa mbali, kama uzi uliosahauliwa.
Juzi kichanga cha Mama Tumsifu nilikichoma mara moja.
Mama mtu hakujua kwamba huwa kuna mara ya pili.

"Nifungie la nailoni."
"Wa nailoni wote hurudi kutaka chuma."
"Nikistaafu."
Akacheka, akapunguza elfu kumi na tano,
akanionya nisije nikalivisha nyuzi za chuma kwa tamaa:
daraja litang'oka, halikuumbwa kuvutwa hivyo.

Siku ya nne leo. Kila nikiliweka chini linalegea,
nyuzi mpya, hazijazoea. Nami vilevile.
Nimetoka zamu, sijavua hata sare,
nimeketi ukingoni mwa kitanda, Ilala Bungoni,
nikapiga noti tatu, na ya nne iliyokosea.

Jirani hakugonga ukuta.
Nilingoja kidogo, nikitamani agonge.