Nasahihisha Tovuti ya Perusi

Mimi ni mwalimu wa michezo, hapa Kibaigwa.
Kalamu yangu nyekundu haijui likizo,
hata mbao za matangazo sokoni nazisahihisha.
Kwa hiyo, Perusi, usinune.

Nilinunua bando la elfu moja,
nikajibanza kwenye kivuli cha ghala la mahindi,
nikaandika jina lako.
Kikaja kiduara. Kikazunguka, kikazunguka
kama mtoto aliyetumwa chumvi akasahau duka.
Kisha ukatokea wewe kwenye video, unakimbia,
na muziki ukalipuka, wapakiaji wa magunia
wakageuka kunitazama. Pa kuuzimia sikupaona.
Nusu ya bando imekwenda
na hujamaliza hata mzunguko wa kwanza.

Maandishi: kijivu juu ya weupe.
Aliyeyachagua anakaa ndani, penye feni.
Aje hapa saa saba mchana
jua la Kibaigwa limfundishe rangi.

Nembo za wadhamini zimejaa mlangoni
kama wageni waliomtangulia bibi harusi.
Vitufe ni punje za uwele;
kidole changu, kinene kwa chaki, kinagusa "Wasifu",
linafunguka duka la fulana. Bei kwa dola.
Narudi. Duka tena.

Wasifu nilipoupata, kwa Kiingereza,
umesema ulizaliwa "kijiji cha mbali".
Mbali na nani? Mlali ina jina.
Nimewahi kuifikia kwa baiskeli yenye pancha.
Chini kabisa kuna kibendera cha Kiswahili;
ukikigusa, Kiingereza kinarudi kile kile,
kimejiinua kidogo tu.

"Mashindano yajayo", umeandika.
Hayo yajayo yalipita miaka minne,
mwaka ule ulioteguka kifundo
na hukukimbia kabisa.

Lakini sikuja kukucheka. Nilikuja na shida.
Nikashuka hadi kwenye fomu, "Wasiliana nami",
nikakuandikia barua nzima:
kwamba nina wasichana arobaini na mmoja,
kwamba wanakimbia peku nyuma ya ghala,
na mmoja, Lechipya, darasa la sita,
anakimbia kana kwamba ameibiwa
na mwizi bado anaonekana.
Fomu ikadai msimbo wa posta. Nikaweka sifuri tano.
Ikakataa. Nikaweka sanduku la shule.
Ikakataa, ikaifuta barua yote,
Lechipya na wenzake arobaini,
wakafutika kama ubao saa ya kengele.

Nikaandika upya, fupi, bila Lechipya.
"Asante! Ujumbe wako umefika."
Umefika wapi, Perusi?
Muhula ukafungwa. Mvua ikanyesha mara mbili, ikakata.

Desemba nikakukuta stendi
unabishania bei ya chaja.
"Mbukwenyi," ukaniamkia, kama hujawahi kuondoka.
Nikakusomea makosa yote, moja moja, kama daftari,
Lechipya kasimama pembeni, kimya, anakutazama miguu.
Ukacheka mpaka ukashika nguzo.
"Mwalimu, hata mimi haifunguki.
Neno la siri analo kijana aliyeitengeneza.
Alihamia Mwanza, simu hapokei."

Kisha ukachomoa kalamu mfukoni mwangu,
ukakishika kiganja cha Lechipya,
ukaandika namba. Tarakimu kumi.
Nyekundu, kubwa, zinasomeka juani.

Tovuti: kumi na saba kwa mia. Irudiwe.
Muziki uondolewe leo, usingoje kesho.
Kiganja sikukitia alama.
Nilimwambia tu asinawe
kabla sijanakili.