Hamsi Hamsini

Leo nimepewa hamsi hamsini
kwenye beseni la barafu, na fomu.
Hamsi ni dagaa wa Bahari Nyeusi;
hapa Trabzon mtoto humjua kabla ya kujua kuhesabu.
Mimi nahesabu. Urefu, uzito, jike, dume.
Nachana tumbo kwa mkasi mdogo kuliko wa kucha,
natia utumbo kwenye chupa ya potasi
nyama iyeyuke, mafuta yayeyuke,
usiku kucha, nyuzijoto arubaini,
hadi kibaki kile ambacho hakijawahi kuwa hai.

Profesa Nevzat hataki sweta humu ndani.
"Pamba nyeupe," husema, "au nje."
Kando ya hadubini kuna kisahani kitupu,
kazi yake kungoja:
kikidondokewa na uzi wa hewani
tunautoa kwenye hesabu.
Jana kisahani hicho, kisichojua samaki,
kilikuwa na nyuzi mbili.
Nilizitoa. Zilikuwa zinaelekea mapafuni mwa nani,
fomu haina nafasi ya kuuliza.

Wa kumi na tisa: hana kitu.
Wa ishirini: mchanga.
Wa ishirini na moja: uzi wa waridi,
umejipinda kama herufi iliyokosa lugha.
Naugusa kwa sindano ya moto.
Pamba ingeungua. Huu unajikunyata.
*Plastiki*, naandika, na mkono unasita,
maana waridi hii naijua.

Mama aliinunua gulioni, siku ya Jumanne,
sweta laini kama paka,
na lebo yenye pomboo anayecheka:
*imetengenezwa kwa chupa zilizookotwa pwani.*
Huivaa akikanda, akisali, akigombana na jirani.
Huifua Ijumaa. Povu hushuka bombani,
bomba hushuka mtoni,
mto hauna pengine pa kwenda.
Waliosema kikulacho ki nguoni mwako
hawakuwa na hadubini.

(Najua. Sweta za waridi zimejaa duniani.
Uzi mmoja si ushahidi. Profesa angenicheka.)

Nyumbani mvua inapiga bati la banda la kuni.
Mama amewapanga hamsi kikaangoni,
vichwa nje, mikia katikati, alizeti kamili,
wamevikwa unga wa mahindi.
Anafunika kwa sinia, anapindua wote kwa mpigo mmoja,
ufundi ambao bado sijaupata.
Wadogo hakuwapasua. Hajawahi.
"Ukimpasua mdogo," husema, "unakula kisu."

"Mmeona nini leo, Gülizar?"
Mikono ya sweta ameikunja,
na pale anapoegemea meza kila siku
manyoya yamelika, pamebaki upara
wa ukubwa wa sarafu.

"Tumefika wa ishirini na moja."
"Basi kula. Kesho una ishirini na tisa."

Limau. Kitunguu.
Naanzia mkiani.