Joto la Kufuta

Ghala letu liko Sudbury, nyuma ya reli,
na kazi yangu, wakiniuliza nyumbani, huitaja kwa Kiingereza,
maana kwa Kiswahili inatisha kidogo:
mimi ni msahaulishaji.
Kompyuta za benki, za shule, za kliniki ya meno
huletwa kwa lori, zimelaliana kama vigae.
Nazichomeka kumi kumi, nabonyeza,
sifuri inaandikwa juu ya kila kitu,
kisha sifuri juu ya sifuri,
mpaka diski isiwe na la kusema hata ikiapishwa.

Nje ni ishirini na saba chini ya sifuri.
Ndani tunaota pumzi za feni.

Réjean, msimamizi wa zamu, alisoma fizikia
mwaka mmoja na nusu, ada ikamshinda.
Siku umeme ulipokatika alichukua trei ya mayai,
akatia gololi katika kishimo: "Hii ni biti.
Iko kushoto au iko kulia. Basi.
Haya, ifute."
Nikaisukuma kushoto.
"Na ingekuwa kushoto tayari?"
Ningeisukuma vilevile.
"Ndiyo hapo. Njia mbili umezifanya moja.
Ilikotoka hakujulikani tena,
na ulimwengu haukubali kitu kipotee hivi hivi:
usichokijua tena kinatoka kama joto."

Kidogo, akasema. Ukizifuta diski zote za mji huu
kwa ustadi ambao binadamu bado hana,
hupati joto la kuyeyusha chembe moja ya theluji.
Hili linalotuchoma vidole ni ubadhirifu wetu tu.
Lakini lile dogo halisamehewi.
Kukokotoa kwaweza kuwa bure;
kusahau ndiko kuna ushuru.

Kwetu husema shoka husahau, gogo halisahau.
Aliyesema hivyo hakuligusa shoka baada ya kazi.
Lina moto.

Akahamia kwenye malango.
Ndani ya ukucha wa silikoni yamo mabilioni,
mchanga uliopikwa ukafundishwa kukataa.
Lango la "na": huingia wawili, hutoka mmoja.
Wakisema ndiyo wote, ndiyo.
La sivyo, hapana;
na ukiishika hiyo hapana mkononi
huwezi kujua amekataa wa kulia,
au wa kushoto, au wote.

Nikaweka kikombe chini.

Lango hilo nalijua. Nilisimama mbele yake
Korogwe, na shati la kuazima,
barua ya posa imeshapelekwa na noti yake ndani ya bahasha,
baba yake Sikudhani chumba kimoja,
mjomba wake chumba cha pili.
Likatoka neno moja.
Miaka kumi na minne. Sijui alikataa baba,
au mjomba, au wote wawili,
wala sijui kama nyuma ya pazia
hakukuwa na waya wa tatu.

Mjomba amekufa. Baba hasikii vizuri.
Mwenyewe yuko Morogoro, ana watoto, na sitampigia.
Habari yenyewe ilikwenda wapi?
Réjean angejibu: hewani,
mtikisiko wa chembe zilizotawanyika,
hakuna wa kuzikusanya.
Basi alasiri ile Korogwe ilipata joto
kwa kiasi kisichopimika,
na mimi nikalaumu jua.

Leo diski ya ishirini na tatu imegoma.
Sekta moja haiandikiki. Programu inajaribu,
inarudi, inajaribu.
Kanuni yetu ni kwamba isiyofutika husagwa.
Nimejaza fomu, nimenakili namba yake,
nikavua glavu
nikaiwekea kiganja juu, kama dakika hivi,
kabla ya kuipeleka kwenye kinu.
Vuguvugu,
kama kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi.