Wenyeji Ishirini, Wageni Hamsini

Langoni palikuwa na foleni mbili,
na binti wa tiketi, kucha zake za kijani,
alinitazama viatu kabla ya uso.
"Mgeni hamsini," akasema, kwa Kiingereza.
Nikamjibu kwa Kimasaba, kile changu kibovu
cha mtoto aliyelelewa kambini kwa Kiswahili cha amri,
kikakaa tena miaka kumi na tisa ndani ya jokofu la Gothenburg.
Akacheka. Waliokuwa nyuma yangu nao wakacheka.
"Haya mama, toa thelathini na tano.
Wewe uko katikati."

Sikubishana. Bei ilikuwa ya haki.
Mpwa wangu Khainza alilipa ishirini, akaingia bila kugeuka.
Mlinzi akatugonga mihuri mkononi,
wino uleule wa zambarau.

Uwanja huu naujua.
Hapa, sikukuu ya Uhuru, baba alipuliza tuba
katika bendi ya Magereza, mashavu kama maandazi,
nasi tuliketi nyasini tukihesabu vifungo vyake vya shaba.
Kimoja kilikuwa cha koti la mama.
Sasa palipokuwa na viti vya wakubwa
pana spika zimepangwa kama magunia ya kahawa,
jenereta linanguruma, mtu anakunja roleksi,
na vijana wamevaa fulana nyeusi zenye mafuvu,
wote wameoga, wote wananiamkia.

Nilikuwa nimeuandaa moyo. Nilijua watakachofanya:
mpiga ngoma ataanza polepole, kwa kadodi,
maana mwaka huu ni wa shufwa, mwaka wa tohara,
nami nitalia kidogo, kwa adabu,
kisha nikawasimulie wenzangu wodini
jinsi nyumbani kulivyoniita.

Kadodi haikuja.
Akaja Gidudu mmoja mwembamba kama ufito,
gitaa linamning'inia magotini,
akatoa ukelele mmoja mrefu usio na lugha yoyote,
na Wanale, mwamba ule mzima uliouinamia mji,
ukaurudisha, umechelewa nusu pumzi,
kana kwamba mlima nao umelipa kiingilio.

Aliimba nini? Niliambulia machache:
ada ya shule, baiskeli iliyoibwa,
msichana aitwaye Nambozo aliyefuta namba yake.
Hapakuwa na mto humo. Hapakuwa na bibi.
Sikuwamo mimi.
Nani aliniambia kwamba watoto hawa
wana deni la kunipigia kumbukumbu zangu?

Mvua ikashuka kutoka mlimani bila hodi.
Khainza akatoboa mfuko mweusi wa takataka,
akanivika kama kanzu,
tukaruka.
Goti langu la kushoto lilipinga hoja, likashindwa kwa kura.
Matope yakaingia ndani ya viatu vile vilivyonichongea langoni,
na kufikia wimbo wa tano
hakuna ambaye angeweza kunikadiria bei.

Saa nane usiku baba alikuwa macho,
sebuleni, gizani, kiti kimesogezwa dirishani.
Sikio lake la kushoto limekufa, la kulia linafuata.
Nilidhani atafoka.
Akanishika mkono, akanibandika kiganja kwenye kioo.
"Kilitetemeka tangu saa tatu," akasema.
"Nilikuwa nao wimbo kwa wimbo."
Tukakaa. Maji yalinichuruzika sakafuni.
"Yule mpiga besi anachelewa mpigo.
Anasubiri nini? Mshahara?"

Kisha akauona muhuri, akauparuza kwa ukucha.
"Walikutoza ngapi?"
"Thelathini na tano, baba."
"Kwa besi ile?
Mwanangu, wamekuibia."